Migomba Katika Nchi ya Sakitu

Kwetu Bukoba mgomba ni chakula kwanza. Kibanja kimeizunguka nyumba, migomba imechanganywa na kahawa na maharage, na mama akitoka asubuhi na panga anatazama mikungu, si majani. Mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa bila huruma, chipukizi lililo pembeni likarithi nafasi. Kwa macho hayo niliondoka nyumbani mwishoni mwa Oktoba kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza, kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi na familia yake katika mji mdogo wa Sussex, kusini mwa London. Nilijiandaa kwa masweta, mvua na treni. Migomba sikuiwazia kabisa.

Asubuhi ya kwanza nilivuta pazia. Ukungu ulikuwa umetanda, na miti ya mtaani ilikuwa inapukutisha majani ya manjano na mekundu. Nyuma ya uzio wa jirani ilisimama migomba, mirefu kunipita, majani yake mapana yamechanwa na upepo vilevile yanavyochanwa kwetu. Nilimwita dada haraka.

“Dada, hii inazaa ndizi gani?”

“Haizai cha kuliwa, mdogo wangu. Wameipanda kwa ajili ya majani tu.”

Sikuridhika. Nilitoka nikamsalimu mwenye bustani, mzee mstaafu mwenye mikono ya mkulima halisi, nikamwambia nimetoka kwenye nchi ya ndizi. Uso wake ulichanua, akanifungulia geti mara moja. Ule mrefu, alinieleza, ni Musa basjoo, mgomba wa kusini mwa China ambao Wajapani wameupanda kwa karne nyingi. Matunda yake ni madogo na yamejaa mbegu. Sifa yake ni kuvumilia baridi: majani hufa, lakini tunguu lililo ardhini, likifunikwa vizuri, hustahimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Pembeni palikuwa na mwingine mnene, wenye majani mekundu ya damu ya mzee. Jina lake lilinishangaza kuliko yote: Ensete ventricosum, mgomba mwitu wa Afrika, uleule unaoota wenyewe kwenye misitu ya milima yetu. Mgeni wa pili kutoka nyumbani alikuwa amesimama kwenye bustani ile, na alikuwa ametangulia kufika.

Siku iliyofuata dada alinipeleka Kew, bustani ya kifalme ya mimea iliyo magharibi mwa London. Tuliingia Palm House, jumba la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848. Nje pumzi ilikuwa inatoa moshi. Ndani miwani yangu ilifunikwa na mvuke papo hapo, nikavua koti. Migomba ilikuwepo, minazi na michikichi pia, yote ikitiririka unyevu. Zamani joto hilo lilitokana na makaa ya mawe, na moshi ulipitishwa chini ya ardhi hadi kwenye mnara ulio mbali, ili usiharibu mandhari ya jumba. Nilisimama kwa heshima. Joto ambalo Bukoba na Kagera nzima hulipata bure kutoka kwa jua, huku lilijengewa jumba, mitambo na mahandaki.

Lakini jirani wa dada hakuwa na jumba la kifalme. Swali langu likawa: mtu wa kawaida anaivushaje migomba yake kipindi cha baridi?

Jibu lilikuja usiku mmoja mwanzoni mwa Novemba. Mawingu yalifunguka, nyota zikawaka, na asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe. Ilikuwa sakitu, ambayo watu wa Njombe na Makete wanaijua vizuri kila Juni na Julai, lakini mimi wa ukanda wa ziwa nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nililia ndani ya moyo nilipoitazama migomba. Majani yaliyokuwa yamesimama jana yalikuwa yananing'inia meusi, yamelegea kama mchicha uliopitiliza jikoni. Nilidhani imekufa. Mzee alikuja akipiga hatua za mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo, mkononi ana kisu na bunda la mabua ya ngano.

Nilimsaidia tangu asubuhi hadi jua lilipozama, na kule mwezi huo linazama kama saa kumi na robo alasiri. Kwanza tulikata majani yote yaliyoungua, tukaacha mashina. Halafu tulizungushia kila shina wavu wa waya wa banda la kuku, tukiacha nafasi ya mkono mmoja pande zote. Nafasi hiyo tuliishindilia mabua makavu kuanzia chini hadi juu, na kileleni tukafunika kwa karatasi ya plastiki na kuifunga kwa kamba. Kila hatua aliieleza kwa nini. Shina la mgomba si la mti. Ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, na sehemu kubwa yake ni maji. Maji hayo yakiganda hupasua nyama ya mmea. Tunguu lingechipua tena hata bila kuvalishwa, lakini mgomba ungeanzia chini kila mwaka. Shina likipona, Aprili au Mei jani jipya hutokea juu, na mgomba huendelea kurefuka. Alirudia mara nyingi kwamba adui mkubwa kuliko baridi ni maji yanayotuama ndani, kwa sababu baridi na unyevu vikikutana huleta uozo. Ndiyo maana plastiki ilikaa juu tu, na pembeni hewa iliachwa ipite.

Ule mgomba mwekundu wa Afrika haukuwa na uvumilivu huo. Mzee alikuwa ameuchimbua siku chache kabla ya sakitu, kwa sababu kwake hata sakitu kidogo ni hatari. Alinipeleka kwenye stoo ya zana kunionyesha. Majani yote yalikuwa yamekatwa, limebaki lile moja la katikati lililojikunja, na mmea ulikuwa umegeuzwa kichwa chini, miguu juu, ukutani, ili maji yachuruzike kutoka kwenye maganda. Baadaye angeusimamisha ndani ya gunia, bila kuunywesha, kwenye joto la nyuzi 5 hadi 10, ukalala mpaka mwezi wa tano. Kwetu tunguu lililong'olewa hupandwa siku hiyohiyo au hutupwa. Sikujua kwamba mgomba unaweza kukaa nusu mwaka bila udongo na ukaamka hai.

Safari ya mwisho ilitupeleka Cornwall, pembe ya kusini-magharibi. Treni iliondoka Paddington ikavuka mto Tamar juu ya daraja la chuma la 1859, na kadiri tulivyosogelea Atlantiki, ndivyo sweta langu lilivyozidi kunilemea. Tulishuka St Austell, tukaenda bustani ya Heligan, iliyopotea vichakani baada ya wafanyakazi wake wengi kwenda Vita ya Kwanza ya Dunia, ikagunduliwa upya 1990. Ndani ya bonde lake lenye kivuli na maji niliiona migomba ikiwa bado na majani ya kijani, wakati ya Sussex imeshavalishwa mabua. Bahari huyapoza majira ya joto na kuyapasha majira ya baridi, na bonde huzuia upepo. Hata hivyo bahari si mlinzi wa kuaminika daima: Januari 1987 baridi kali na theluji viliua mimea mingi ya bustani ya Tresco, kwenye visiwa vya Scilly vilivyo mbele ya pwani hiyo, ambako sakitu ni nadra sana. Ndiyo maana watunza bustani wenye busara huweka akiba ya miche ndani.

Nimerudi nyumbani na hukumu moja. Watu wa kule wanautunza mgomba mwitu kwa mabua, magunia na vipimajoto kwa sababu wameuona uzuri wake. Kusini mwa Ethiopia mamilioni ya watu wanakula unga wa tunguu na shina lake. Sisi tulio nao milimani huupitishia panga kwa kuwa hauna ndizi ya kula. Mgomba huo hauchipui pembeni kama migomba ya kibanjani. Huzaa mara moja, hufa, na mbegu zake nyeusi ngumu ndizo urithi wake wote. Ndugu msomaji, ukiukuta Usambara au Uluguru, uache uzae. Ukipata mbegu zilizoanguka, panda moja uani. Kwetu hauhitaji kuvalishwa chochote.