Kupe, Miche na Kura za Tetu

Siasa za Wangari Maathai zilianzia kwa kupe. Mapema miaka ya 1970, mhadhiri huyu wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akizunguka mashambani kukusanya kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaofyeka ng'ombe wa kigeni. Kupe aliwapata. Aliona na mengine yasiyokuwa kwenye utafiti wake: ng'ombe mbavu nje, mito iliyogeuka rangi ya udongo, akina mama wanaolalamika kwamba kuni ziko mbali. Akaanza kushuku kwamba kinachowamaliza ng'ombe wale kuliko kupe ni ardhi iliyovuliwa miti.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mzaliwa huyu wa Ihithe, Nyeri, alisomea biolojia Kansas na Pittsburgh, akafanya utafiti Ujerumani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Kampeni aliionja kwanza kupitia kwa mumewe, aliyeshinda kiti cha ubunge cha Lang'ata mwaka 1974 baada ya kuwaahidi watu kazi. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, Wangari aliuliza kazi hizo zitatoka wapi. Kwa maelezo yake mwenyewe, mume hakuona la kuhangaikia: watu wangesahau. Wangari akafungua kampuni ya miche, Envirocare, ili wapiga kura wale wapate kibarua. Kampuni ikafa. Wazo likahamia Baraza la Kitaifa la Wanawake, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa Kamukunji. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti.

Mwaka 1982 aliamua kugombea ubunge Nyeri katika uchaguzi mdogo. Ilimlazimu kwanza ajiuzulu chuoni, naye akajiuzulu. Kisha akaambiwa hawezi kugombea kwa kuwa hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura mwaka 1979. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Aliporudi kuomba kazi yake, nafasi ilikuwa imeshajazwa, na nyumba ya chuo ikabidi aihame. Profesa mshiriki aliyewahi kuongoza idara akajikuta, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, hana mshahara wala kiti. Wengi wangeishia hapo, na nani angewalaumu? Yeye aligeukia vitalu vya miche, safari hii kwa muda wote.

Yaliyofuata Wakenya wanayajua: mnara wa ghorofa 60 aliopinga usijengwe katika bustani ya Uhuru Park kuanzia mwaka 1989, vipigo alivyopata akitetea msitu wa Karura mwaka 1999. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1997 aliwania urais na ubunge kwa pamoja kupitia Liberal Party. Uchaguzi ukiwa mlangoni, magazeti yakaandika kwamba amejitoa. Hakuwa amejitoa. Kura za urais alizopata hazikufika hata asilimia 1.

Miaka mitano baadaye, upepo wa muungano wa vyama vya NARC ukivuma, jimbo la Tetu lilimpa asilimia 98 ya kura za ubunge. Januari 2003 akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira. Katika wadhifa huo mwanasayansi na mbunge waligongana. Alipinga waziwazi wananchi kulima ndani ya misitu ya serikali, kwa hoja kwamba msitu wa asili ndio unaoshika maji ya mito. Kisayansi hoja ilisimama imara. Kwa kuombea kura, katika nchi yenye watu wengi wasio na shamba, ilikuwa mzigo.

Habari za kushinda Tuzo ya Amani ya Nobeli zilimkuta tarehe 8 Oktoba 2004 akiwa njiani kwenda jimboni. Alisimama Nyeri mjini, akapanda kifabakazi katika bustani ya hoteli inayotazama Mlima Kenya.

Nobeli haikumlindia kiti. Mwaka 2007 alibwagwa katika kura za mchujo za chama cha PNU, akagombea kwa chama kidogo, akashindwa tena. Matokeo ya urais yalipozua mzozo, mshindwa huyu alitaka kura za urais za jimbo lake zihesabiwe upya, ili pande zote mbili ziridhike.