Petroli ya Chupa Inatulisha Mafundi

Vijana wa bodaboda hawachoki kuniuliza, "Fundi, hii niiwekee petroli ya namba gani?" Wameona kwenye simu kwamba nchi za watu sheli moja ina 91, 95 na 98, dereva anajichagulia. Basi pikipiki ikikosa nguvu kwenye mlima wa kwenda Matombo, wanaamini dawa yake ni namba kubwa. Mimi ndiye ninayefungua kabureta zao hapa Morogoro mjini, na jibu langu ni lilelile: kinachoua injini zenu ni njia iliyopitiwa na petroli mpaka ikafika kwenye tangi. Namba haina kosa.

Oktani haipimi nguvu ya petroli. Inapima uvumilivu wake: ibanwe kiasi gani ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Pikipiki za mashindano zinabana sana, ndiyo maana zinataka namba kubwa. Boxer, TVS, Haojue na Sanlg zilizojaa vijiwe vya Msamvu na Masika zinabana mara tisa hivi. Oktani 91 inazitosha kabisa. Ukizipa 98 hazitakimbia zaidi, utakuwa umechoma hela tu.

Halafu huku kwetu hakuna namba ya kuchagua. Mafuta ya nchi hii yanaagizwa kwa pamoja, meli moja inagawiwa kampuni nyingi. Petroli ya sheli yenye taa nyingi barabara kuu na ile ya sheli ya kichochoroni zinaweza kuwa zimetoka meli moja. Tofauti inaanza baadaye: kwenye tangi la chini ya ardhi, kwenye dumu, kwenye chupa, kwenye mkono wa mwisho.

Ukiipita Bigwa na kushika barabara ya Kiroka, Mkuyuni hadi Matombo, sheli zinaadimika na chupa zinaongezeka. Ni chupa za maji ya kunywa, zimejazwa petroli na kupangwa juu ya meza ya mbao, jua linazipiga mchana kutwa. Wewe abiria unaona rangi ya petroli tu. Mimi najua zimefika hapo kwa dumu lililofungwa nyuma ya pikipiki, na dumu hilo jana lilibeba dizeli ya mashine ya kusaga, juzi mafuta ya kula.

Jua lina hasara yake. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayoshika moto haraka asubuhi kukiwa na baridi, ndiyo inayotangulia kupaa. Chupa iliyokaa mezani siku nyingi bado inanuka petroli, bado inawaka, lakini pikipiki unaipiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Mwenyewe anakuja kwangu anataka plagi mpya. Nikimpa plagi bila kumwaga tangi, kesho atarudi.

Masika ndiyo yanayoleta maji. Kijana mmoja anayebeba ndizi alinijia akilalamika kwamba pikipiki inamzimikia kwenye mwinuko, akifika tambarare inawaka. Mafundi wawili walishambadilishia plagi na koili. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kwa glasi, tukaiacha itulie. Chini maji, juu petroli, na katikati mstari ulionyooka. Maji ni mazito, hukaa chini. Pikipiki ikiinua pua mlimani, maji yanasogea mpaka kwenye tundu linalonyonya mafuta, na injini inazima hapohapo. Sasa fikiria nyuma kuna mama na mtoto mgongoni, gia haishiki, breki zina tope. Watu husema dereva hakuwa makini. Hakuna anayepima petroli.

Dizeli na mafuta ya taa huja na dalili nyingine. Moshi unaongezeka, plagi inatoka nyeusi imelowa, injini ikipata moto inagonga. Dalili kubwa zaidi iko kwenye oili, na watu wengi hawaijui. Mafuta mazito hayaungui yote. Yanateremka pembeni mwa pistoni, yanaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuingia chini. Ukichomoa kijiti cha kupimia, oili imeongezeka badala ya kupungua, na ukiinusa ina harufu ya taa. Hapo ringi zimeshaanza kuliwa. Mteja anasema oili ni feki. Anabadilisha oili, anarudi kwa muuzaji yuleyule wa chupa, na baada ya muda ananiletea injini ya kufungua yote.

Upande wa Mgeta kuna ugonjwa wa peke yake. Morogoro mjini tuko kama mita 500 juu ya bahari. Ukipanda Nyandira hewa inapungua, lakini kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, plagi inashika masizi makavu, nguvu inaondoka. Dereva anasema mlima umemshinda, anataka petroli kali. Kumbe huko juu hewa ni hafifu na shinikizo ndani ya silinda linapungua, kwa hiyo oktani inayohitajika inashuka. Anachohitaji ni kurekebishiwa kabureta na kusafishiwa filta ya hewa. Pia apunguze mzigo. Nimeona magunia mawili ya karoti, kreti na abiria juu yake, gia ya nne, injini inagonga kama nyundo. Arudi gia ya pili, mlio utakoma kabla hajaniona mimi.

Wengine wamegundua chupa ndogo za dawa ya kuongeza oktani. Wanamimina, wananiambia pikipiki imekuwa nyepesi. Nikifungua, kaboni iko palepale na valvu haijafungwa vizuri. Hela ile ingenunua filta ya petroli na ikabaki chenji.

Kuna anayeuliza kwa nini dereva anunue chupa wakati mjini sheli zipo. Huyo hajawahi kuendesha pikipiki ya mkataba. Kijana anadaiwa hesabu ya bosi kila jioni. Asubuhi hana hela ya kujaza tangi, anaweka ya elfu mbili, anasubiri abiria ndipo aongeze. Tangi halioni lita tatu. Anatembelea rizevu kila siku, na rizevu inanyonya chini kabisa, kwenye kutu, mchanga na maji. Akipata abiria wa mbali mafuta yanamwishia njiani, na njiani kuna chupa tu. Anainunua kwa bei inayozidi ya sheli, chupa yenyewe haijajaa. Bei ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, na mafuta yalipoadimika mwaka 2023, chupa hizo ndizo zilizoamua nani afanye kazi na nani alale.

Niutendee haki na upande wa pili. Muuza chupa wa kijijini simwiti mwizi. Usiku mgonjwa akizidiwa huko juu, petroli ya kumfikisha mjini inatoka chini ya kitanda cha mtu huyo. Lakini nyumba hiyo ina watoto, ina kibatari, na petroli ni ya kuogopwa. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kuhubiriwa hilo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawakuta. Walikufa zaidi ya watu 100, wakiwemo vijana wa bodaboda. Pamoja na hayo, mpaka leo naona chupa za petroli zimepangwa hatua chache kutoka jiko la mkaa la muuza chipsi.

Serikali haikulala moja kwa moja. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianzisha vinasaba, kemikali inayowekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili mkaguzi ajue yakichanganywa na mengine. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana, na faida ya kuyachanganya kwenye petroli na dizeli ikapungua. Mafundi tuliona nafuu. Lakini mkaguzi anapima sheli. Hapimi dumu lililo nyuma ya pikipiki Mkuyuni. Na kinasaba hakikuambii kama kuna maji: petroli iliyolipiwa kodi yote inaweza kuwa na maji.

Kwa hiyo anayeniuliza namba nampa haya. Chagua sheli moja yenye wateja wengi, mafuta yake hayakai. Ukiona lori linashusha mafuta, ngoja au nenda kwingine, uchafu wa chini ya tangi umeamka. Omba risiti, siku ya tatizo uwe na la kuonyesha. Ukilazimika kununua chupa, ichunguze kwenye mwanga: iwe angavu, isiwe na mstari wala matone chini. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka na kuondoka, yenye taa au dizeli inaacha doa la mafuta. Mwaga maji ya kabureta kila wiki wakati wa masika. Filta ya petroli bei yake haizidi safari chache za mjini.

Mabosi nanyi msikie. Pikipiki inayotoka asubuhi na tangi tupu mnaiua wenyewe, halafu mnamkata kijana gharama ya matengenezo. Mpeni tangi lililojaa siku ya kwanza, mmdai jioni. Na wenye mitaji, sheria sasa ina masharti nafuu kwa sheli ndogo za vijijini. Barabara ya Matombo inazihitaji. Pampu moja iliyopimwa na kukaguliwa huko juu itaokoa injini nyingi kuliko oktani 98 ya nchi yoyote.