Lagangabilili: Mkokoteni hauna bima ndogo wala kubwa

Msimu wa pamba ukifunguliwa, njia za vumbi zinazoingia Lagangabilili hujaa mikokoteni ya ng'ombe. Maksai wawili chini ya nira moja, mafurushi ya pamba yamepandana hadi juu, kijana ametangulia na fimbo, na mama ameketi nyuma kabisa akishikilia mzigo usidondoke. Wanakwenda kwenye ghala la ushirika, na wengine wameondoka nyumbani kabla jogoo hajawika.

Mji huu ndio makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule Mkoa wa Simiyu ulipoundwa. Ofisi za serikali zipo, bodaboda zipo, magari ya abiria yapo. Lakini ukitoka kidogo nje ya mji, kinachobeba maisha ya kaya ni mkokoteni. Hubeba maji wakati wa kiangazi, kuni, matofali ya nyumba mpya, mahindi ya kusaga, na vyombo vya bibi harusi. Usiku wa mvua, njia ya mbuga nyeusi ikigeuka tope linalomeza tairi za pikipiki, hubeba hata mgonjwa.

Bodaboda inayoupita mkokoteni huo barabarani inatakiwa kisheria kuwa na bima, walau ile ndogo. Gari la abiria vilevile. Mkokoteni hauna namba wala bima, ndogo au kubwa. Maksai mmoja akianguka mwezi wa kulima, hakuna ofisi ya kwenda kudai. Na maksai ndiye injini, ndiye jembe, ndiye gari la wagonjwa. Kaya iliyompoteza Novemba huchelewa kupanda, na kaya iliyochelewa kupanda huingia msimu wa pamba mikono mitupu. Basi watu wa huku hujikinga vipi?

Kuna watu waliowahi kuja Tanganyika na magari ya ng'ombe bila kujiuliza swali hilo. Mwaka 1876, Malkia Victoria akiwa kwenye kiti, Chama cha Wamisionari cha London kilimtuma Roger Price kuchunguza kama magari ya kukokotwa na ng'ombe yangeweza kutoka Saadani, pwani, hadi bara. Price alikuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika, ambako walowezi walizunguka na magari hayo miaka mingi. Alifika Mpwapwa na ng'ombe wake na kurudi na habari njema. Mwaka uliofuata msafara wenyewe ukaondoka na magari na ng'ombe wengi. Ng'ombe wakaanza kufa njiani, mbung'o wakiwa miongoni mwa sababu, na magari yakaachwa. Mizigo ikapanda vichwani mwa wapagazi, na waliobaki wakafika Ujiji Agosti 1878. Mwaka 1879 Wabelgiji nao wakajaribu tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani. Hao nao hawakuwa dawa ya safari za bara.

Bima yenyewe haikuwa ngeni kwa Waingereza wa siku zile. Meli na shehena zilikatiwa bima London, katika soko la Lloyd's lililoanzia kwenye mkahawa wa kahawa karne ya 17. Ila ng'ombe na gari porini ni habari nyingine. Wageni wale walikuwa wamefunga nguvu zao zote katika msafara mmoja, njia moja. Mbung'o walipouma, hapakuwa na zizi la pili la kukimbilia.

Msukuma mwenye mifugo hafanyi hivyo. Kwa desturi, ng'ombe wake hawalali wote zizi moja. Wachache huwa kwa shemeji kijiji cha tatu, wengine kwa rafiki wa ujana, wengine kwa mjomba upande wenye malisho. Anayewatunza hunywa maziwa, hutumia samadi, huweza kulimia maksai, na kwa makubaliano hupata ndama. Mwenye mali naye hupata kitu kisichoonekana: ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi wakivamia usiku mmoja, hawamalizi kila kitu. Maksai akifa nyumbani, kuna mahali pa kwenda kuchukua mwingine. Hii ndiyo bima, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Ina kikomo chake. Sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890 haikujali zizi la shemeji wala la mjomba. Ilipita Afrika Mashariki yote na kuangamiza ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 tu. Ukame mkubwa nao hufanya kama sotoka, kwa sababu hukausha malisho ya vijiji vyote kwa pamoja.

Lakini tundu linalovuja zaidi liko ndani ya nyumba, na hilo ndilo la kuwakera wenye familia. Hesabu ya ng'ombe waliotawanywa mara nyingi hukaa kichwani mwa baba peke yake. Anajua nani ana wangapi, nani amezaliwa ndama, nani alipewa mmoja kwa shukrani. Siku akifariki ghafla, mjane na watoto hubaki na mkokoteni uani na maksai wawili, huku mali nyingine ikiwa kwa watu wasiowajua vizuri. Mwenye moyo safi atakuja msibani aseme: kwangu wako wanne. Mwingine atanyamaza. Ndugu wa marehemu nao watajitokeza na kumbukumbu zao. Daftari la shule la shilingi mia chache, lenye majina na idadi, na mke akijua liliko, lingeziba tundu hilo. Baadhi ya wanaume huona kumwonyesha mke hesabu hiyo ni kujivua nguo. Watoto wao ndio hulipa gharama.

Bima za karatasi nazo zinasogea. Kampuni za bima nchini zimeungana katika umoja wa bima ya kilimo, TAIC. Kwa upande wa afya, CHF iliyoboreshwa iliwekewa kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kwa mjamzito mwenye dharura kuna m-mama: unapigwa simu namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa, au likikosekana dereva wa kijamii aliyesajiliwa, hutumwa kumchukua. Gari likishindwa kupita kwenye tope, mkokoteni humtoa hadi barabara kubwa.

Ghalani Lagangabilili, pamba ikishapimwa, maksai hufunguliwa nira wapumzike kivulini. Wenyewe huingia madukani. Jioni mikokoteni hurudi nyepesi: mfuko wa chumvi, sukari, mabati machache, sare za shule. Mama sasa amekaa mbele, karibu na mumewe, wakihesabu kilichobaki.