Seabee: Ndege Iliyokosa Wanunuzi Ikapata Kazi

Seabee, ndege ndogo ya majini na nchi kavu, hukumbukwa zaidi kama biashara iliyokwenda kombo. Hesabu zinaunga mkono hukumu hiyo. Kampuni ya Republic ya Farmingdale, New York, ilianza kuwakabidhi wateja ndege hizo mwaka 1946, na Oktoba 1947 ikasimamisha kazi baada ya kuunda 1,060 hivi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kiwanda chake kilichozoea kuunda ndege za kivita za P-47 kilihitaji kazi nyingine. Kikachukua ubunifu wa Percival Spencer, kikiamini kwamba marubani waliorudi makwao wangenunua ndege kama wanavyonunua gari. Ili kupunguza gharama, bawa lilivikwa mabati mazito yenye mikunjo, yasiyohitaji mbavu nyingi ndani. Hata hivyo bei iliyotangazwa, takriban dola 3,500, ilipanda hadi 6,000, na familia zilizotarajiwa hazikujitokeza.

Lakini soko la mjini lilipoikataa, maziwa ya Kanada na fiodi za Norway ziliipokea, ikabeba abiria na wagonjwa mahali pasipo na uwanja wa ndege. Tumbo lake ni la mashua. Propela iko nyuma ya abiria, kwa hiyo mtu aliweza kufungua mlango wa omo akafunga kamba gatini au akavua samaki bila hofu ya kukatwa. Wakosoaji husema ilikuwa nzito, na kwamba injini yake ya Franklin yenye nguvu za farasi 215 ilizidiwa na mzigo. Ni kweli, ila sehemu ya uzito huo ndiyo mabati yaliyoiwezesha kudumu. Injini dhaifu hubadilishwa; bodi dhaifu huishia jalalani. Ndiyo maana wamiliki waliifungia injini za Lycoming, wengine hata za gari la Corvette, na miaka ya 1960 baadhi zikageuzwa kuwa za injini mbili. Atakayesema kwamba hiyo si Seabee tena atazame kilichobaki: tumbo, bawa na ule mlango wa omo, yaani vyote vilivyoifanya ifae. Republic ilikosea mteja, haikukosea ndege. Nyingine zinaruka hadi leo.