Nanyuki na Wafanya Biashara Wake Wadogo

Msafiri atokaye Nyeri kwenda kaskazini, akiisha kupita Naro Moru, huuona Mlima Kenya, wenye kimo cha meta 5,199, upande wake wa kuume, na upande wa kushoto huziona tambarare kavu za Laikipia. Karibu na kuingia Nanyuki hufika penye ubao uliochorwa ramani ya Afrika, ukitangaza kwamba hapo ndipo upitapo mstari wa Ikweta.

Kando ya ubao huo pana vibanda vya vinyago, shanga na vikapu. Mstari wenyewe hauonekani, lakini watu wa hapo wameufanya kuwa mali. Kijana huchukua karai lenye tundu chini, akatia maji na njiti ya kiberiti, akasogea hatua chache kaskazini; njiti ikazunguka upande mmoja. Kisha husogea kusini, nayo ikazunguka upande wa pili. Wataalamu wasema kwamba katika chombo kidogo namna ile nguvu itokayo katika kuzunguka kwa dunia ni hafifu mno, na kwamba maji hufuata tu jinsi yalivyomiminwa. Hata hivyo mgeni hufurahi, hulipa, hupewa cheti, na pengine hununua kinyago. Mtu asiye na shamba wala duka amejipatia kazi kwa akili yake, kwa karai, na kwa mahali alipo.

Nanyuki ni mji uliozoea kuishi kwa wageni. Reli ilifika huko mwaka 1930, ikiwahudumia walowezi na mifugo yao. Mwaka 1959 mchezaji sinema William Holden na wenzake walianzisha Mount Kenya Safari Club, na watalii wakaongezeka. Askari wa Uingereza nao wamefanya mazoezi katika sehemu hizo kwa miaka mingi. Kila kundi lilileta fedha kwa wauza mboga, wenye magari ya kukodi, mafundi cherehani na wenye mikahawa. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini je, mgeni asipokuja?

Swali hilo liliulizwa kwa ukali mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilipozuiwa kuingia Kenya mpaka tarehe 1 Agosti. Kinyago hakiliwi, wala jirani hakihitaji. Mwenye kibanda aliyemtegemea mtalii peke yake alikuwa na mali tele mbele yake, na nyumbani hana unga.

Kwa hiyo yafaa kutazama biashara nyingine ya mji huo huo, yaani Nanyuki Spinners and Weavers, chama cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa Kanisa la Presbyterian, ili wanawake wenye shida wapate riziki. Sufu hutoka kwa kondoo wa mashamba ya jirani. Wanawake huiosha, huichana, huisokota kwa gurudumu, huitia rangi zitokazo katika mimea, kisha huifuma kuwa mazulia, mablanketi na shali. Mnunuzi aweza kusimama akaitazama kazi yote tangu sufu mbichi hata zulia.

Katika Nanyuki palikuwapo pia kiwanda kikubwa cha nguo, Mountex, chenye mitambo mingi, nacho kilifungwa. Magurudumu ya wanawake yangali yanazunguka. Gurudumu halidai umeme, na likivunjika fundi wa mjini aweza kulitengeneza. Siku ambazo wanunuzi ni wachache, sufu haiozi ghalani, wala hakuna mtambo wa gharama kubwa unaokaa bure huku deni lake likiongezeka.

Tena wanawake hao hawakujaribu kushindana kwa bei rahisi. Tangu soko la Kenya lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo za mitumba zimejaa kila mji, na hakuna mfumaji wa mkono awezaye kuuza kwa bei ya mtumba. Wao huuza kitu ambacho mtumba hauna: sufu ya mahali pale, rangi ya mimea, na kazi ya mkono. Mgeni hulipenda blanketi kwa uzuri wake. Mwenyeji aijuaye baridi ya usiku chini ya mlima hulipenda kwa joto lake. Bidhaa yenye wapenzi wa namna mbili haifi upesi mmoja wao akitoweka.

Mwezi wa Desemba 2020 gari la moshi la abiria kutoka Nairobi lilirudishwa Nanyuki, baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Hao nao ni wageni, ila hawahitaji ndege wala pasi ya kusafiria. Mfanya biashara mwerevu humwandalia huyu pia: chakula kizuri, malazi safi, na kitu cha kupeleka nyumbani.

Mwenye mtaji mdogo hawezi kuzuia maradhi, wala vita, wala kupanda kwa bei za dunia. Aweza tu kuchagua asimtegemee mnunuzi mmoja, na asijitwike gharama ambazo mwezi mbaya hautazibeba. Afikaye Nanyuki, akiisha kustaajabia maji ya karai, na aende pia akatazame sufu ikisokotwa.