Yeye Hakumaliza

Hivi na wewe umeshaingizwa kwenye umoja wa wanafunzi wa zamani? Mimi niliingizwa mwaka jana. Usiku mmoja simu ikaanza kulia kama ina wazimu: sekondari niliyosoma huko kwetu Kigoma, jina nalihifadhi, imetukumbuka.

Wiki ya kwanza raha tupu. Huyu daktari Dodoma, yule kapata mapacha, mwalimu wetu wa Jiografia katangulia mbele za haki. Zikaja picha. Mume wangu akachungulia.

"Huyu aliyekushika bega ni nani? Hujawahi kunitajia."

Miaka tisa ya ndoa, kanisikia nikisimulia mchakamchaka wa alfajiri na maharage yenye wadudu. Huyo kweli sijawahi kumtaja.

Tulitoka wote Kalinzi. Mwaka 2003 tulipanda gari moja, tranka zetu juu ya keria, barabara ya Manyovu ikiwa bado vumbi, tukashuka Mwandiga wekundu kama matofali. Mimi Hesabu zilinipiga chenga. Yeye alikuwa kichwa. Mwaka 2005, kidato cha tatu, tuliporudi kutoka likizo wasichana tukapimwa mimba, kama ilivyokuwa kawaida enzi zile. Jioni hiyohiyo kitanda chake kikawa kitupu. Madaftari yake ya Hesabu yalibaki kwangu, na ndiyo yaliyonivusha kidato cha nne. Sikumwandikia hata barua moja. Likizo nikifika kijijini nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisikutane naye.

Basi nikaomba namba yake iongezwe. Jibu likaja chapuchapu: "Huyo hakumaliza." Na kweli, fomu ya uanachama ina mstari unaosema "Mwaka uliomaliza". Nikabisha. Nikaambiwa nisilete uanaharakati.

Mwezi Juni tukaenda nyumbani, mimi na baba watoto. Siku hizi ni lami, ila baridi ya Kalinzi ni ileile, ukimaliza kupanda mlima unatafuta sweta. Tulimkuta akigeuza kahawa kwenye kichanja. Akatupigia makofi ya salamu za Kiha, "Karibu shemeji," kisha akaniangalia mimi, akacheka. Hotuba yangu yote ya kuomba radhi ikaishia kooni. Tukaongea bei ya kahawa.

Nilipotaja umoja, alikuwa na habari. Binti yake, mimba ileile ya 2005, alimaliza kidato cha nne mwaka 2023, shule ileile. Ni mwanachama halali.

"Mwenzangu, yaani mimi niliyemfikisha pale mara ya kwanza, akiwa tumboni, ndiyo sina nafasi?" Safari hii hakucheka.

Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wakati huo na mbunge wa Kasulu Mjini, jirani zetu kabisa, alitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule za serikali. Kwa rafiki yangu ilikuwa imeshapita miaka kumi na sita.

Jumamosi tukakutana mjini. Ajenda ilikuwa mchango wa vyoo vya wasichana. Nikanyoosha mkono: badilisheni neno moja tu kwenye fomu, "uliomaliza" iwe "uliojiunga". Mama yangu! Kelele zake! Kaka mmoja akasema tunafungulia mlango watoro. Ndipo akasimama dada mmoja ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni, amekuja kama mke wa mwanachama. Akasema naye alisoma pale, miaka miwili na nusu. Mumewe akainamisha kichwa akaangalia sakafu. Sijui kama alikuwa analijua hilo au alikuwa analificha, na si kazi yangu kuuliza, ingawa njia nzima kurudi Kalinzi mimi na mume wangu hatukuongea kingine.

Mikono ikahesabiwa. Kumi na tisa kwa kumi na nne.

Nikamtumia fomu mpya. Kwenye ule mstari akaandika 2003. Ada ya shilingi 10,000 akaituma kwa simu usiku huohuo, na ujumbe mfupi ukafuata: "Madaftari yangu ya Hesabu unayo bado?"

Ninayo. Yako kwa mama, ndani ya tranka, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake.