Kinyonga wetu mdogo na namna ya kumtunza



Wengi wameniuliza juu ya kile kijumba cha wavu kilicho nyuma ya darasa la biolojia. Wanasema: «Kapita, namna gani unakubali nyama ya wachawi ikae shuleni?» Nitajibu hapa kwa maandiko, ili kila mtu asome mwenyewe, asingoje kuambiwa na mwingine.

Kinyonga yule alipatikana siku ya salongo, tulipokuwa tunakata majani karibu na miti ya kahawa. Alikuwa mdogo, hata pamoja na mkia hakupita kidole cha mtu mzima, na mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda. Wengine waliinua panga, wengine walikwenda kutafuta moto. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alimnyoshea kijiti, kinyonga akapanda, naye akamleta kwangu: «Yaya, wanataka kumuua, na iko mtoto tu.» Mwalimu wa biolojia alisema atunzwe mpaka apate nguvu, kisha arudishwe palepale alipotoka.

Basi, kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, nyumba. Wengine walitaka kumtia ndani ya kopo au chupa. Hapana. Humo hewa haipiti, na jua likipiga atakufa kwa joto. Kinyonga ni nyama wa kukaa juu ya miti: vidole vyake vimegawanyika pande mbili ili kushika tawi kama koleo, na mkia nao unashika. Tulifunga matete, tukazungusha wavu wa madirisha, tukatia matawi ya mpera yenye majani. Chandarua chenye dawa ya mbu hakifai, sababu dawa ile inaua vidudu anavyokula, na yeye pia inaweza kumdhuru.

Pili, maji. Ukimwekea sahani ya maji anaweza kufa kwa kiu karibu nayo. Yeye anakunywa matone juu ya majani, kama anavyofanya mvua ikinyesha. Kwa hiyo asubuhi na jioni tunanyunyiza maji safi juu ya matawi, pole pole, mpaka tuone anaramba.

Tatu, chakula. Kinyonga mdogo anakula mara nyingi kwa siku, lakini vidudu vidogo tu, visivyopita upana wa kichwa chake. Tunaweka ndizi iliyoiva sana, na vile vinzi vidogo vinavyokuja juu yake ndivyo anavyokamata. Tunamletea pia panzi wachanga. Ulimi wake ukitoka unapita urefu wa mwili wake, na unakamata kidudu mbele hujafunga jicho. Chakula kilichobaki jioni sharti kitolewe, sababu panzi mwenye njaa anaweza kumuuma usiku.

Nne, jua. Jua la asubuhi linausaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa haipokei kalsiamu. Mifupa yake italegea na kupinda, kama miguu ya mtoto mwenye ugonjwa wa matege. Tunasaga maganda ya mayai mpaka yawe kama unga, tunapaka kidogo juu ya panzi. Lakini sharti apate kivuli pia, ajichagulie mwenyewe.

Tano, amani. Kinyonga anapenda kukaa peke yake. Msimtie na mwenzake, wala msimshike kila saa kwa mchezo. Rangi yake itawaambia habari zake: akiwa na baridi, hasira au woga, mara nyingi anageuka mweusi. Hageuki tu ili kufanana na kitu anachokalia, kama tunavyodhani. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva, katika Uswisi, walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga kuna vipande vidogo sana kama vioo. Vikisogeleana au kuachana, nuru inarudi na rangi nyingine. Uchawi uko wapi hapo? Tena jina letu la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu: tangu mwaka 2006 kuna jamii ya vinyonga inayoitwa Kinyongia.

Najua wazee wa makabila mengi ya Afrika wanasimulia kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea watu habari ya uzima, akachelewa njiani, na habari ya kifo ikafika mbele. Ni hadithi ya kale, nami siicheki. Lakini kuchelewa si uchawi. Na wanaonionyesha Walawi 11 wasome vizuri: pale wanakatazwa kula nyama wa namna hiyo na kugusa mizoga yao, hawakuamriwa kuwachoma moto. Mithali 12:10 inasifu mtu anayejali uhai wa nyama wake.

Sasa nafika kwa jambo linaloniuma. Tangu siku ile, yule mtoto wa mwaka wa kwanza anaitwa mchawi. Wenzake wamehamisha vitanda vyao, na wakati wa kula anakaa mwisho wa meza peke yake. Ndugu zangu, sisi wa Walikale tunajua jina hilo linaweza kumfikisha mtoto wapi: kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu yake. Kidonda cha kinyonga kimekauka. Cha huyu mtoto tunakifungua kila siku kwa midomo yetu. Kama kapita nimekataza jina hilo katika nyumba ya kulala, lakini siwezi kuamuru mtu awe rafiki. Hilo naliomba.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutakwenda karibuni kufanya mtihani wa Serikali. Kinyonga atarudishwa kwenye miti ya kahawa mbele ya siku hiyo. Mpaka hapo natafuta wanafunzi sita, kila mmoja siku yake, Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku ya Mungu nitafanya mwenyewe. Anayetaka aandikishe jina lake kwa yule mtoto, sababu ndiye mkubwa wa kazi hii, na anaijua kuniliko. Mumkute leo jioni mezani. Nafasi ziko nyingi kando yake.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa mwisho